FUNDI AKIVUNJA KIOO MBELE YA MACHO YAKO, NANI ANALIPA?



Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na Masahaba zake wote.

Ndugu zangu, leo tuzungumze jambo ambalo tunaligombania gereji na majumbani kila siku, lakini ni wachache wanaolirudisha kwenye sharia. Umemwita fundi. Amefika kwako na mkoba wake wa vifaa. Katikati ya kazi kitu kikapasuka mkononi mwake. Hasara ni ya nani?

Wako wanaosema palepale: "Kimevunjikia mkononi mwake, alipe." Wako wanaosema: "Ni bahati mbaya, yaishe." Hawa wote wamehukumu kabla ya kuuliza. Wa kwanza anaweza kula mali ya mtu kwa dhulma. Wa pili anaweza kugawa mali isiyokuwa yake akadhani anafanya huruma.

Nitaeleza kwa tukio lililotupata hapa kwetu Kasulu, kwa sababu hukumu ukiisikia pamoja na kisa chake inakaa kichwani.

Msikiti wetu una gari, Toyota RAV4 ya zamani, lililowekwa wakfu na familia moja kwa ajili ya marehemu baba yao. Linapeleka wagonjwa hospitali, linawafikisha walimu wa madrasa vijijini, na ukitokea msiba linawabeba waosha maiti. Gari lenyewe lina kioo juu ya paa, kile ambacho vijana wanakiita sanrufu. Limetoka nacho Japani.

Msimu wa mvua uliopita, upepo uliangusha tawi la mparachichi juu ya paa lile. Kioo kikamwagika chote ndani ya gari, vipande vidogovidogo kama punje za mahindi. Tukaziba kwa nailoni na selotepu. Anayezijua mvua za huku Buha anajua nailoni hiyo ilidumu siku ngapi. Tulimpeleka bibi mmoja hospitali, milango yote imefungwa, na akafika kichwa kimelowa.

Mafundi wetu wa hapa mjini walikuwa waungwana. Wanajua injini, wanajua breki, wanajua kunyoosha bodi, lakini kila tuliyemwuliza alisema wazi kwamba paa la namna ile hajawahi kulifungua. Allah awalipe kwa ukweli wao. Tukaelekezwa kwa kijana mmoja wa Kigoma mjini ambaye kazi yake ni vioo vya magari, na anamfuata mteja alipo. Tangu barabara ya Kidahwe hadi Kasulu iwekwe lami, mtu kama huyo anaweza kuja asubuhi na kurudi jioni.

Kioo tulikinunua wenyewe. Kilitoka Gerezani, Dar es Salaam, kioo kilichotumika, shilingi 250,000, kikaja kwa basi kimeviringishwa blanketi ndani ya boksi. Na fundi tulikubaliana naye kwa simu kabla hajapanda gari: ufundi shilingi 60,000 na nauli yake mbali. Yeye kwanza aliomba picha ya namba ya chasisi, picha ya reli za paa, na mwaka wa gari, ili ahakikishe kioo tulichonunua ndicho chenyewe. Kumbukeni hilo, tutalihitaji mbele.

Alipofika tulimpa nafasi uani kwa msikiti, chini ya kivuli. Muadhini wetu alikaa naye, na vijana wawili wa madrasa wakawa wanamshikia vifaa. Mimi nilikuwa kibarazani, hatua chache tu.

Nilijifunza mengi kwa kumwangalia. Kioo cha mbele cha gari, alituambia, ni vioo viwili vilivyogandishwa pamoja na utando katikati, ndiyo maana kikipigwa jiwe kinapata ufa lakini kinabaki mahali pake. Hiki cha paa ni tofauti. Kimepashwa moto mkali kikapoozwa kwa haraka, na kwa hiyo kina nguvu sana usoni. Lakini pembeni ndipo penye udhaifu wake. Kikiguswa vibaya ukingoni, hakipati ufa. Kinamwagika chote kwa mara moja.

Akaniambia tena: "Shehe, watu wanadhani kioo hiki kinazuia maji yote. Hakizuii. Mpira wake unazuia mengi, na yanayopenya yanaingia kwenye mfereji unaozunguka paa, yanatoka kwa mirija minne iliyo kwenye pembe." Akachukua birika letu la udhu, akamimina maji kidogo kila pembe. Pembe tatu maji yalitoka chini ya gari. Ya nne, nyuma upande wa kulia, maji yalisimama. Vumbi letu jekundu lilikuwa limeshikana na majani yaliyooza ndani ya mrija. Akauzibua taratibu kwa uzi wa plastiki, ule wa mashine ya kufyekea majani, maana waya mgumu ungeweza kuutoboa. Angetaka angefunga kioo, akachukua pesa yake, akaondoka, na sisi tungeendelea kulowa huku tukimlaumu muuza kioo. Hakufanya hivyo.

Kisha akatoa chembe zote za kioo cha zamani ndani ya reli kwa brashi, akaweka kioo kipya, akatia skrubu zote kwa kulegeza. Akaanza kukisawazisha, ukingo wa mbele uwe chini kidogo ya paa na wa nyuma uwe juu kidogo, ili upepo usipige kelele. Akawa anakaza skrubu moja moja kwa bisibisi ya mkono. Kwenye skrubu ya tatu tukasikia mlio mmoja mkavu, na kioo chote kikashuka ndani ya gari. Kijana akabaki ameshika bisibisi, damu inamtoka kidoleni.

Hapo ndipo maneno yalipoanza.

Mhazini wetu alisema: "Shehe, hii ni mali ya wakfu. Huna ruhusa ya kusamehe." Na alisema kweli. Mzee mmoja wa kamati akajibu: "Kijana wa watu ana familia. Laki mbili na nusu ataitoa wapi?" Naye pia alisema kweli. Fundi mwenyewe akasema: "Nitalipa, Shehe. Nipeni muda." Akausogeza mkoba wake wa vifaa kwangu uwe rehani.

Ndugu zangu, mkoba ule ndio shamba lake. Ukiuchukua, umechukua chakula cha watoto wake. Na ukiuacha bila kujua hukumu, huenda umeacha haki ya wakfu ambayo utaulizwa mbele ya Allah. Nikawaambia: hakuna atakayelipa wala atakayesamehe mpaka tujue sharia inasemaje. Tukaswali Adhuhuri, kisha tukakaa na kitabu.

Sasa sikilizeni hukumu yenyewe.

Imam Nawawi (Allah amrehemu), aliyefariki mwaka 676 Hijria, sawa na 1277, anaizungumza mas-ala hii katika Minhaji, kitabu ambacho sisi Mashafii tunakitegemea. Anataja mali inayoharibika mkononi mwa mtu aliyeajiriwa kuifanyia kazi, mfano wa nguo iliyotolewa kushonwa au kutiwa rangi. Anasema kwamba ikiwa mfanyakazi hakuvuka mpaka, halipi, iwapo mali haikuwa mikononi mwake peke yake. Na anatoa mifano miwili ya hali hiyo: mwenye mali amekaa pamoja naye, au amemleta nyumbani kwake.

Tafakarini. Fundi anayekuja kwako si jambo geni. Ametajwa kwenye vitabu vyetu kabla gari halijafikiriwa. Na hekima yake iko wazi: mali ikiwa uani kwako, nawe au mtu wako amekaa pale, mkono wako bado uko juu ya mali yako. Hujamkabidhi fundi akatoweka nayo. Unaona anachofanya. Ungeweza kusema simama.

Na akifanya kazi peke yake, kwenye gereji yake, wewe haupo? Imam Nawawi anasema kauli yenye nguvu katika madhehebu ni kwamba hapo pia halipi kama hakuvuka mpaka. Lakini hapo ikhtilafu ni kubwa. Wamaliki wanamdhamini fundi anayechukua mali akaenda kuifanyia kazi kwake, ila wanamtoa yule aliyefanya kazi nyumbani kwa mwenye mali au mbele yake. Miongoni mwa Wahanafi na Wahanbali wapo wanaomdhamini kwa kile kilichoharibika kwa kitendo cha mkono wake. Na imepokewa kwamba Sayyidna Ali (r.a.) aliwadhamini mafundi kwa kuona kwamba watu hawatatengemaa bila hivyo, ingawa wanachuoni wamezungumza juu ya sanadi ya mapokezi hayo. Nayasema haya ili mtu asimtukane mwenzake aliyefuata kauli nyingine.

Sisi tulibaki na madhehebu yetu. Basi swali letu likawa moja: je, alivuka mpaka, au alizembea?

Kioo kile kikivunjika hakiachi ushahidi. Huwezi kuokota punje ukasema hapa ndipo palipokuwa na kasoro. Huenda kilikuwa na jino dogo pembeni tangu Dar es Salaam, limefichwa na mpira. Huenda kilipata mtikisiko kwenye basi. Huenda ni mkono wake. Allah pekee ndiye anayejua. Basi tuliangalia kinachoonekana kwa macho ya binadamu.

La kwanza, je, kazi anaijua? Imepokewa kutoka kwa Mtume (s.a.w.) kwamba anayetibu watu hali hajulikani kwa utabibu anadhamini madhara yake, na wanachuoni wamepima mafundi wengine kwa kipimo hicho. Huyu anajulikana kwa vioo, na maswali aliyouliza kabla hajaja yanamshuhudia.

La pili, je, alitumia kifaa na njia inayokubalika kwa watu wa kazi hiyo? Muadhini na wale vijana walikuwepo. Walishuhudia kwamba hakugonga, hakutumia mashine ya kukazia, hakulazimisha kioo kisichoingia, na alikuwa anakaza kidogo kidogo.

La tatu, je, alikuwa ameiacha kazi kwa mambo mengine, simu au mazungumzo? Hapana.

Tazameni jinsi sharia ilivyo na mpango. Kule kukaa naye, kulikomtoa kwenye dhamana, ndiko kulikotupa mashahidi. Angekuwa amezembea, tungemwona. Na pale pasipo shahidi, neno la aliyeaminiwa linakubaliwa kwa kiapo chake, mpaka mwenye mali alete ushahidi kinyume.

Nikawaambia wanakamati: hana la kulipa. Mhazini akauliza: "Na wakfu?" Nikamjibu: ni kweli siwezi kusamehe deni la wakfu, mimi ni msimamizi tu. Lakini hapa hakuna deni. Hasara hii imeshuka juu ya mali yenyewe, kama tawi la mparachichi lilivyoshuka. Kumtoza mtu asiyedaiwa ni dhulma, na dhulma haigeuki kuwa halali kwa sababu pesa inaingia kwenye sanduku la msikiti. Tungekuwa tumebeba wagonjwa na waosha maiti ndani ya gari lililotengenezwa kwa machozi ya mtu.

Likabaki suala la ujira. Kazi inayofanyika mbele ya mwenye mali inahesabiwa imekabidhiwa kadiri inavyofanyika. Mrija uliozibuliwa ulikuwa umezibuliwa. Reli zilizosafishwa zilikuwa safi. Tukamhesabia sehemu hiyo na nauli yake yote, tukamlipa siku ileile, kwa sababu Mtume (s.a.w.) ametuhimiza kumpa mfanyakazi ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Huyu jasho lake lilikuwa na damu.

Kuhusu kioo kingine, hatukugusa sanduku. Tuliomba mchango wa hiari baada ya Isha. Wa kwanza kutoa alikuwa mhazini. Akatoa mfukoni mwake akasema: "Hapa sasa ruhusa ninayo, hii ni yangu." Allah amzidishie. Mtu aliyekuwa mkali kwa mali ya wakfu ndiye aliyekuwa mkarimu kwa mali yake, na hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Safari ya pili tulibadilisha makubaliano. Tulimwambia fundi atafute kioo yeye, akilete, akifunge, na tumlipe kwa kioo kilichofungwa na kujaribiwa kwa maji. Bei ikapanda kidogo, na ni haki ipande, kwa sababu safari hii kioo ni mali yake mpaka atukabidhi. Kingevunjika njiani au mkononi, ni chake. Alikifunga, tukamimina maji, mirija yote minne ikatoa.

Ndugu zangu, kuna jambo nataka mafundi wanaonisoma walisikie vizuri. Rabi' bin Sulayman, mwanafunzi wa Imam Shafii kule Misri, amepokewa akisema kwamba Imam (Allah amrehemu) aliona fundi asiyevuka mpaka hana dhamana, lakini hakupenda kuitangaza kauli hiyo kwa kuwahofia mafundi waovu. Subhanallah. Aliiona ni haki, akachelea watu wataifanya kichaka cha kujificha.

Basi mimi nimeiandika hapa hadharani, na wewe fundi usiifanye kichaka. Ukivunja kwa haraka zako ukasema "ni qadari ya Allah", unalipa hapa au utalipa kule. Ukichukua kazi usiyoijua ili usikose pesa ya siku, umeshavuka mpaka kabla hujafungua mkoba. Ukiona kasoro kwenye kifaa ukanyamaza, ukakifunga hivyohivyo, wewe si muaminiwa tena. Ukipaka silikoni juu ya mrija ulioziba ili maji yasionekane mpaka uwe umefika kwenu, hiyo ni ghushi, na Mtume (s.a.w.) amejitenga na mwenye kughushi. Qur'an katika Suratul Qasas imetaja sifa mbili za anayefaa kuajiriwa, katika kisa cha Nabii Musa (a.s.): nguvu na uaminifu. Ujuzi wako ndio nguvu. Uaminifu unaonekana pale mteja asipojua kitu.

Na nyinyi wenye mali, shikeni haya.

Moja, kubalianeni kabla ya safari: nauli kiasi gani, ufundi kiasi gani, na ikitokea kazi haikuwezekana fundi anapata nini. Andikeni, hata kwa ujumbe wa simu. Ugomvi mwingi unazaliwa na neno "tutaelewana".

Mbili, jueni kioo ni cha nani. Ukinunua mwenyewe, hatari yake umeibeba mwenyewe. Akikileta yeye, ni chake mpaka akukabidhi kimefungwa. Chagua kwa macho mawili, usitake bei ya kwanza na usalama wa pili.

Tatu, kaa na fundi au weka mtu wako. Si kwa kumdhania vibaya. Ni kwa ajili yake na kwa ajili yako, ili kikitokea kitu, ukweli uwe na mashahidi.

Nne, usimharakishe. Ukimwambia "funga tu, mvua inakuja" naye amekuonya, ukaamuru afunge kwa onyo hilohilo, basi kikivunjika usimtazame usoni.

Tano, ukiwa msimamizi wa mali ya wengine, iwe ya yatima, ya kikundi, ya shule au ya msikiti, usiwe mkarimu kwa mfuko usio wako, na usiwe dhalimu kwa kisingizio kwamba unautetea mfuko huo. Milango yote miwili inaelekea motoni. Njia iliyo katikati ni kuuliza hukumu kwanza, kisha ukitaka kufanya ihsani, ingiza mkono mfukoni mwako.

Hayo ndiyo tuliyoyafuata kwa madhehebu yetu, na Allah ndiye Mjuzi zaidi. Mwenye mas-ala yake amwendee shehe wa mahali pake amweleze yote, kwa sababu neno moja likiachwa katika maelezo hukumu inaweza kugeuka.

Ewe Allah, tupe mikono yenye ujuzi na nyoyo zenye amana. Zibariki kazi za mafundi wetu wanaotembea na mikoba yao mvuani na juani. Ukubali wakfu wa waliotangulia, na utulinde tusile haki ya mtu kwa jina lako. Aamin.

Mfikishie ujumbe huu fundi unayemjua, na umfikishie pia aliyemnyima fundi haki yake.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.